Shangazi, kocha ananitoa namba tisa ananipeleka namba tatu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mchezaji wa mpira wa miguu wa kulipwa, mshambuliaji wa kati, nina miaka 28. Nimecheza namba tisa tangu nikiwa mtoto, enzi zile nikicheza na wavulana kwa sababu wasichana hatukutosha kuunda timu. Uwanjani sijawahi kuwa kitu kingine.

Misimu miwili iliyopita nilikatika kano ya mbele ya goti la kulia. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nageuka na mpira, beki yuko mgongoni, mguu ukabaki umekita chini na mwili ukaenda upande mwingine. Nikafanyiwa upasuaji, nikakaa nje karibu mwaka mzima. Nilipopimwa nguvu za misuli, miguu yote miwili ilikuwa sawa, madaktari wakaniruhusu, nikarudi.

Mabao hayajarudi, Shangazi. Msimu ule kabla ya kuumia nilimaliza wa pili kwenye orodha ya wafungaji wa ligi yetu. Msimu huu mabao yangu yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena mengine ni ya penalti. Kuna pasi ambayo zamani ilikuwa riziki yangu: kiungo anaupenyeza mpira katikati ya mabeki, mimi nimeshaondoka, naukuta bado unatembea, naupiga bila kuutuliza. Siku hizi mpira uleule ukija nautuliza kwanza. Nagusa mara moja tu, lakini nikiinua kichwa golikipa ameshafika miguuni kwangu. Baada ya mazoezi huwa nabaki na mtunza vifaa wa timu, ananisukumia mipira, napiga moja kwa moja na inaingia yote. Mechi ikianza, nautuliza.

Mwezi uliopita kocha aliniita ofisini. Ana ubao wenye vidude vya sumaku, kila kimoja na namba ya mchezaji. Akakichukua cha kwangu, akakitoa mbele akakibandika nyuma kushoto. Akasema, "Msimu ujao nakuona hapa." Akaniambia nina mbio, nina krosi nzuri kwa mguu wa kushoto, nausoma mchezo, na beki wetu wa kushoto anaondoka. Nikaitikia "sawa kocha", nikatoka bila kuuliza chochote. Nililia kwenye gari.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa msimu huu. Klabu imeniletea mwingine wa miaka 3. Mshahara umepanda kidogo, ila nyongeza yangu kubwa siku zote ilikuwa bonasi ya mabao, na hiyo wameiacha kama ilivyo. Beki atafunga mangapi?

Wakati huohuo wakala wangu ameleta ofa ya klabu ya ng'ambo. Ni miaka 2, mshahara karibu mara mbili ya huu, na kocha wao mwenyewe alinipigia simu ya video akaniambia mimi ndiye namba tisa wake. Tatizo ni kwamba ligi yenyewe haifuatiliwi. Mechi chache ndizo zinaonyeshwa, na wachezaji wenzangu wanasema kule huenda mtu aliyechoka. Naogopa kocha wa timu ya taifa atanisahau. Wakala anataka jibu ndani ya siku 10, anasema kwa umri wangu ofa kama hii haiji mara mbili.

Mshahara wangu ndio unamlipia mdogo wangu chuo. Mama anasema nifuate moyo wangu, lakini akiongea na watu bado ananiita "mwanangu yule mfungaji", na kila nikimsikia tumbo linanikata. Mume wangu amesema popote nitakapokwenda tutakwenda wote, ila ameniuliza mtoto lini. Sikumjibu.

Nikikubali ubeki najiona nimekiri kwamba goti limenishinda. Nikienda ng'ambo naogopa kwamba ninakimbia. Nisaidie Shangazi.

Namba Tisa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikairudia, maana ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani yamekuchosha kwa sababu unayabeba kama mzigo mmoja. Moja ni la kazi: ofa mbili mezani, miaka 3 nyumbani kama beki wa kushoto au miaka 2 ugenini kama mshambuliaji, na siku 10 za kujibu. La pili ni lile swali la goti, ambalo halina ofa wala mkataba. Hilo la pili ndilo linalokuliza garini.

Naomba turudi kwanza ofisini kwa kocha. Umeniandikia kila alichokisema: mbio, krosi, kusoma mchezo, pengo la beki anayeondoka. Nimetafuta neno goti katika maneno yake, sikulikuta. Wala hakuna mahali aliposema mabao yamepungua. Inawezekana anayafikiria yote hayo na ameona haya kukwambia. Inawezekana pia anachokiona ni mchezaji mwenye mbio na mguu wa kushoto wakati ana pengo kushoto, basi. Kati ya hayo mawili mimi siwezi kujua, na wewe pia hujui bado, kwa sababu ulisema "sawa kocha" ukatoka. Sikulaumu. Mtu akihamishiwa namba yake ubaoni mbele ya macho yake, ulimi huwa mzito. Lakini hukumu uliyoisikia mle ndani, kwamba goti limekushinda, sijui kama ni yeye aliyeitoa.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu wakala, ningetamani urudi kwa kocha ukiwa na maswali. Ameona nini kwenye mechi zako hadi akafikia hapo? Nani atacheza namba tisa msimu ujao? Ukianza kufunga mazoezini, mlango wa mbele uko wazi au umefungwa? Na hili watu hulisahau: nani atakufundisha kukaba? Mshambuliaji wa miaka 28 anajua kuwakimbia mabeki, ila hajui kusimama kwenye mstari wa mabeki wanne na kuamua lini apande na lini abaki. Hayo hufundishwa. Kocha mwenye mpango wa kweli atakwambia utafanya kazi na nani na kwa muda gani. Asiye na mpango atakwambia "utazoea tu", na hapo utajua umehamishwa ili kuziba pengo.

Sasa goti lenyewe. Nahisi kuna wazo limejificha kwenye barua yako, kwamba kurudishwa nyuma ni kupelekwa kwenye kazi nyepesi, mahali pa mchezaji ambaye mwili umemwishia. Kwa mpira wa sasa sivyo. Beki wa pembeni hupanda na kushuka dakika zote 90. Tena kano ya mbele ya goti mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa, kama ilivyokutokea, na mazingira yanayoongoza ni pale mchezaji anapomwendea kwa kasi mpinzani mwenye mpira kisha anabadili mwelekeo ghafla. Hiyo ni kazi ya kila siku ya beki wa kushoto anayekutana na winga. Wachezaji wa kike wako kwenye hatari ya jeraha hili mara mbili au zaidi ya wanaume wa mchezo huohuo, na aliyewahi kuumia yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kurudia, hasa miaka ya mwanzo. Sisemi haya nikutishe. Nasema usikubali ubeki kwa kudhani unalipumzisha goti, wala usiukatae kwa kudhani ni kazi ya majeruhi. Keti na daktari wa timu na mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekurudisha uwanjani, uwaulize moja kwa moja: mabadiliko haya ya nafasi yanataka goti langu liandaliwe vipi?

Halafu kuna ule mguso mmoja. Hapo ndipo ulipoandika kwa moyo wako wote, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Na mtunza vifaa unapiga bila kutuliza na unafunga. Kwenye mechi unatuliza. Maana yake mguu unajua kazi yake, na vipimo vinasema misuli iko sawa. Kinachochelewa ni ile robo ya sekunde ambamo zamani hukufikiri chochote, na sasa kuna kitu ndani yako kinauliza kama ni salama. Wataalamu wa majeraha ya goti wanalijua jambo hili vizuri. Utayari wa akili siku hizi hupimwa pembeni ya nguvu za misuli, na mara nyingi huchelewa nyuma yake. Je, klabuni kwenu yupo mtu wa saikolojia ya michezo? Kama yupo, umewahi kumsimulia mguso huu kama ulivyonisimulia mimi? Kama hayupo, ni jambo la kudai, kwenye mkataba wowote utakaousaini.

Na muda. Ada Hegerberg, mchezaji wa kwanza kutwaa tuzo ya Ballon d'Or ya wanawake, mwaka 2018, aliumia kano hiyohiyo Januari 2020 na hakucheza tena hadi Oktoba 2021. Mei 2022 alifunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Lyon ilipoifunga Barcelona 3-1. Mwili wake si wako, na sikuahidi fainali. Nataka tu usilihesabu jambo kama limekwisha wakati huenda liko njiani.

Sasa tuulizane: mguso huo una nafasi kubwa ya kupona wapi? Ukienda ng'ambo utakuwa mbele ya goli kila wiki, na mfungaji hupona kwa kufunga. Lakini utafika ukiwa mchezaji wa kigeni anayelipwa vizuri, na mgeni wa namba hiyo huletwa afunge kuanzia mechi ya kwanza. Ukianza na mechi kadhaa bila bao, uvumilivu wa kule utakuwa mfupi kuliko wa watu waliokuona ukijifunza kutembea upya. Ukibaki, watu wanaolijua goti lako wako jirani, na ukicheza nyuma utakuwa unaukuta mpira ukiwa umelitazama goli, bila beki mgongoni, mbali na hali ile uliyoumia. Wengine hilo huwarudishia ujasiri. Wengine hufika mwaka wa pili wakakuta kiu ya kufunga imekauka na hawakumbuki ilikauka lini. Mimi sijui wewe ni yupi.

Waliopita njia hiyo wapo, na hawakupita kwa urahisi. Crystal Dunn wa Marekani mwaka 2015 aliachwa nje ya kikosi cha Kombe la Dunia, akajibu kwa mabao 15 kwenye ligi, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Timu ya taifa ikamrudisha, ikamgeuza beki wa kushoto. Alitwaa Kombe la Dunia 2019 akiwa beki, huku klabuni akiendelea kucheza kiungo na mbele. Lakini amesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba kuhamishwahamishwa huko kulimgharimu moyoni. Mwenzake Kelley O'Hara alikuwa mshambuliaji, akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vikuu mwaka 2009, akaja kuwa beki, na bao lake la kwanza la timu ya taifa alilifunga nusu fainali ya Kombe la Dunia 2015 dhidi ya Ujerumani, akitokea benchi. Unaona kwamba ubeki haukuwafuta. Unaona pia kwamba mmoja wao aliumia kwa namna ambayo medali haikuiponya. Ukikubali, kubali ukijua kwamba utaomboleza kidogo, na hiyo ni haki yako.

Upande wa ng'ambo nao, wenzako wamekutisha kwa maneno ambayo sina hakika nayo. Tabitha Chawinga wa Malawi alicheza China, kwenye ligi ambayo wengi hawakuitazama, kisha akaenda Inter Milan na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia msimu wa 2022–23 kwa mabao 23. Mdogo wake Temwa naye alitoka Wuhan, klabu ya hukohuko China, akaingia ligi ya Marekani mwaka 2024, akafunga mabao 20 na kuweka rekodi ya msimu mmoja. Jodie Taylor wa Uingereza alizunguka Australia, Uswidi, Kanada na Marekani, akaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 28, umri wako, na akiwa na 31 akawa mfungaji bora wa Euro 2017. Ligi ndogo haimfichi mtu anayefunga. Anayefichika ni asiyefunga, na huyo hufichika hata kwenye ligi kubwa. Kuhusu timu ya taifa, huna haja ya kubahatisha: mpigie msaidizi wa kocha, umuulize kama wanafuatilia mechi za kule na kama wanakuhitaji mbele au nyuma. Jibu lake linaweza kukushangaza kwa upande wowote.

Lakini kuna kitu kwenye ofa hiyo umekichukua kama uhakika, nami nakiona kama ahadi. Kocha amekwambia kwenye simu kwamba wewe ni namba tisa wake. Mikataba ya mpira kwa kawaida haisemi utacheza nafasi gani. Kocha huyo anaweza kufukuzwa mwezi wa tatu wa msimu, na anayekuja akakubandika nyuma kushoto kama huyu wa sasa, ila safari hii ukiwa mbali na kwenu. Basi yapime masharti yaliyoandikwa. Nani atagharamia matibabu goti likisumbua, na wewe ndiye utakayechagua daktari? Nyumba na tiketi za ndege zimo? Kuna kipengele cha kukuruhusu kuondoka mambo yakiharibika, na kwa kiasi gani? Mkataba upo kwa lugha unayoisoma? Ujue pia kwamba kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea kufaulu vipimo vya afya, kwa hiyo wakikwambia usaini leo na goti litapimwa kesho ndipo mkataba uwe hai, sema hapana: wapime kwanza, kisha wasaini. Na klabu ikilimbikiza mishahara ya angalau miezi miwili, unaweza kuwapa notisi ya maandishi ya siku 15, na wasipolipa unayo sababu halali ya kuvunja mkataba. Haki hiyo ipo, lakini kuidai ukiwa ugenini huchukua muda na kuchosha. Ndiyo maana watafute wachezaji wa kigeni waliopita klabu hiyo uwaulize jambo moja tu: walilipwa kwa wakati?

Wakala wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Hata hivyo yeye hulipwa unaposaini, na siku 10 ni haraka inayomfaa yeye na klabu kuliko wewe. Muulize ni nani hasa aliyeweka siku hizo. Mwambie unataka wiki ya ziada uone wanasemaje. Klabu inayokutaka kama namba tisa wake itakusubiri wiki moja. Isipoweza, umejifunza jambo kuihusu. Ila usisaini kote kote kwa kujihami, maana mikataba miwili ya kipindi kimoja itakuletea adhabu.

Umeandika pia kama vile meza ina viti viwili tu. Mkataba ukibakiza miezi 6 au pungufu, kanuni zinakuruhusu kuzungumza na klabu yoyote, na msimu ukiisha utakuwa mchezaji huru ambaye hakuna wa kumlipia ada ya uhamisho. Mshambuliaji aliyemaliza wa pili kwa mabao misimu michache nyuma bado ana soko, hata kama limepungua. Na hapo nyumbani, kwa nini miaka 3? Unaweza kuomba mwaka mmoja wenye nafasi ya kuongeza wa pili, ukaujaribu ubeki bila kujifunga hadi miaka 31. Hatari yake ni kwamba mkataba mfupi hauna kinga ndefu ukiumia tena, na kwa mwenye historia ya goti hilo si dogo. Vilevile usiiache bonasi ya mabao ilivyo. Beki anaweza kulipwa bonasi kwa mechi alizoanza, kwa pasi za mabao, kwa mechi ambazo timu haikufungwa. Kama wanakutaka nyuma kweli, wakulipe kama beki. Ada ya mdogo wako haijui unacheza namba ngapi, na huna sababu ya kuona haya kulisema hilo mezani. Kama kuna chama cha wachezaji mahali ulipo, waombe wakusomee mikataba yote miwili, na kama hakipo tafuta mwanasheria asiyelipwa na wakala.

Kuna mstari uliupitisha haraka, mwanangu, ule wa mume wako na swali la mtoto. Sikulazimishi kulijibu. Nataka tu usiliamue kwa hofu, kwa sababu wachezaji wengi bado wanaamini mimba ni mwisho wa mkataba. Tangu 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi ya angalau wiki 14, zisizopungua 8 kati yake ziwe baada ya kujifungua, kwa malipo ya angalau theluthi mbili ya mshahara wa mkataba. Klabu hairuhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba, na ukirudi inatakiwa ikupokee na kukupa huduma ya kitabibu. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alipolipwa pungufu na Lyon wakati wa ujauzito wake aliipeleka kesi FIFA, na mwaka 2022 klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Na Crystal Dunn niliyekutajia alijifungua Mei 2022, Oktoba mwaka huohuo akafunga bao la dakika za nyongeza lililoipeleka klabu yake fainali. Kwa hiyo urefu wa mkataba una uzito tofauti kama mnafikiria mtoto. Miaka 3 mahali unapojulikana na miaka 2 mahali pageni havitoi nafasi sawa ya kuondoka na kurudi. Kazungumzeni hilo kabla hujasaini, hata kama jibu lenu ni "bado". Mume aliyesema atakwenda nawe popote anastahili kujua unachokihesabu.

Kuhusu mama, hebu msikilize tena atakapokuita "mwanangu yule mfungaji". Umelisikia kama sharti. Mimi kwa mbali nasikia mama anayejivunia mtoto wake kwa neno alilolizoea. Umewahi kumwambia kwamba kocha anakuhamisha? Kwenye barua sikuona. Mwambie kabla hajalisikia mahali pengine, halafu umwangalie usoni.

Swali lako la mwisho, kama kubaki ni kukiri na kuondoka ni kukimbia, sina jibu lake. Ila nimeona kwamba kote kuwili umejihukumu kabla hujaamua. Kuna watu wamebaki kwa ujasiri na wengine wamebaki kwa woga, na ukitazama mikataba yao huwezi kuwatofautisha. Hebu jaribu hivi: chukulia goti halikuumia kamwe, na kocha akakuletea pendekezo lilelile la namba tatu, na ng'ambo wakakuletea ofa ileile. Ungejibu nini? Kama jibu lingekuwa tofauti na unalolielekea sasa, basi jua goti ndilo linaloongea, na uamue kama unataka liwe na kura au la.

Anza na kocha wiki hii. Waandikie maswali yako kwenye karatasi yeye na daktari, usije ukasema "sawa" tena ukatoka. Kisha niandikie wamejibu nini, hasa lile la mlango wa mbele, maana hapo ndipo tutakapojua tunazungumzia ofa ngapi.

Shangazi yako